Mdomo wa Hakimu

Walimwita Mdomo, ingawa hakuwa mropokaji. Alikuwa mkalimani wa mahakama, zama zile nchi ilipokuwa mikononi mwa wageni, na kwa watu waliojazana kwenye mabenchi ya nyuma kusikiliza hatima za ndugu zao, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa hakimu. Hakimu alinong'ona kule juu kwa lugha yake. Maneno yakashuka, yakamwingia Mdomo sikioni, yakamtoka yakiwa lugha ya nyumbani. Mtu akifungwa, alifungwa kwa sauti ya Mdomo. Akiachiwa, ni sauti hiyo hiyo iliyomwambia aende zake. Mitaani watoto walimkimbia, na wakubwa walimwamkia kwa heshima iliyozidi kipimo, ile heshima ambayo ukiichungulia ndani unakuta woga.

Kipaji chake kilianza kama mzaha. Baba yake alikuwa mpishi katika nyumba ya afisa mmoja wa wageni, na siku shule ilipofungwa mtoto alimfuata, akakaa kwenye kizingiti cha jiko la nyuma kumenya viazi. Hapo ndipo alipogundua jambo lililomshangaza. Nyumbani baba alikuwa na sauti nzito, akikohoa tu watoto wa nyumba tatu wananyamaza. Kule jikoni sauti ilikuwa nyembamba, inatoka kwa kubanwa, kama ya mtu anayepita mlango usiomtosha. "Ndiyo, bwana. Hapana, bwana. Tayari, bwana." Hata mabega yalishuka. Jioni wakirudi, wakishavuka daraja, baba alikohoa mara moja na sauti yake ikamrudia.

Mtoto akaziiga zote mbili. Mama alicheka hadi akashika mbavu, akawaita majirani waje wacheke nao. Siku moja baba akawafumania. Hakumpiga mtoto. Alisimama mlangoni akiisikiliza ile sauti nyembamba ikimtoka mwanawe, kisha akasema, "Ya nyumbani iige utakavyo. Hiyo nyingine usiiige. Hiyo si yangu."

"Ni ya nani, baba?"

Baba alivua viatu, akavipanga ukutani, akaenda zake uani. Swali hilo halikujibiwa siku ile wala siku nyingine.

Mtoto akakua, akasoma kiasi cha wakati ule, na masikio yake yakamfikisha mahakamani. Karani mkuu, mzee aliyepauka kwa vumbi la majalada, alimfundisha kazi asubuhi moja tu. Alimsimamisha kati ya meza ya hakimu na kizimba cha mshtakiwa, juu ya ubao uliolika kwa miguu ya wakalimani waliomtangulia.

"Hakimu akisema 'mimi', na wewe unasema 'mimi'. Usije ukasema 'hakimu anasema'. Mshtakiwa akisema 'mimi', vivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze, usikunje uso. Wewe hapa hupo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

"Hupo."

Na kweli, kwa miaka kadhaa hakuwepo, na hali hiyo ilimpendeza. Alikuwa na mshahara, na mke aliyekuwa fundi cherehani hodari. Walikuwa na binti mmoja mwenye maswali mengi. Hakimu mwenyewe hakuwa mtu mbaya wa kuonekana. Alimwuliza hali ya mtoto, na mwaka mmoja akampa koti lake la zamani. Mkewe alilifumua koti lile, akalipunguza kila upande, akabaki na kitambaa cha kutosha kumshonea binti sketi. "Ndani ya koti hili alikuwa akikaa mtu au ng'ombe?" aliuliza, na wote wawili wakacheka.

Kisha ikaja kesi ya mfyatua matofali.

Alikuwa kijana mpole, mwenye mikono mikubwa iliyokauka kwa udongo. Alifanya kazi na mkewe kwenye tanuri la matofali la mgeni mmoja nje ya mji. Asubuhi moja msimamizi, mgeni naye, alimpiga usoni kwa mpini wa koleo kwa sababu ya matofali yaliyopasuka. Akampiga tena. Akampiga mara ya tatu, mkewe akitazama. Mfyatua matofali aliokota kibao cha kufyatulia, akampiga msimamizi kichwani mara moja tu. Msimamizi alianguka, hakuamka tena.

Wakili aliyepewa na serikali alikuwa na njia moja tu ya kuiokoa shingo ya kijana yule, akamleta daktari. Daktari alikuwa bingwa wa mambo ya vichwa, aliyepima mafuvu katika nchi nyingi na kuandika juu yake. Alipanda, akaapa, akaanza kueleza kwa sauti ya upole kama mtu anayefundisha darasa. Mdomo akatafsiri.

"Ubongo wa mtu mweusi," alisema Mdomo kwa lugha tamu iliyonyooka, "kwa mbele umelala. Haujaamka kama wetu. Kwa hiyo hawa watu hasira ikiwajia huwajia kama inavyomjia mtoto mchanga. Kati ya hasira na mkono hakuna fikra inayopita. Tusimhukumu kama mtu aliyekusudia. Hana uwezo wa kukusudia."

Daktari aliponyoosha mkono kuwaonyesha "hawa watu" waliokaa mabenchi ya nyuma, mkono wa Mdomo nao uliinuka wenyewe, ukawaonyesha.

Mabenchi yakaangua kicheko. Kwa jinsi alivyoyatamka vizuri maneno yale, walidhani Mdomo wao leo ameamua kuwatania. Alipobaki amesimama vile vile, uso mkavu, kicheko kikakatika kipande kipande, hadi akabaki mzee mmoja tu anayecheka, naye akazibwa mdomo na jirani yake. Bibi mmoja aliyekaa mbele akamwuliza taratibu, kama anayemwonea huruma, "Mwanangu, umesema nini?"

Mdomo hakumjibu, maana pale hakuwepo.

Wakili alikuwa anatabasamu. Kesi ilikuwa inageuka. Hata hakimu alianza kutikisa kichwa kwa kukubali. Kilichobaki ni mshtakiwa mwenyewe kusema kwamba hakumbuki, kwamba giza lilimwingia machoni. Wakili alimpa neno. Mfyatua matofali akashika ukingo wa kizimba.

"Nimemsikia daktari," alisema. "Anataka kunisaidia, na Mungu ambariki. Lakini si kweli. Nilifikiri. Aliponipiga mara ya kwanza nilifikiri nivumilie. Mara ya pili nikafikiri juu ya mke wangu, kwamba ananiona. Mara ya tatu nilifikiri kwamba nikimpiga nitakufa, nikampiga. Mimi ni mtu mzima."

Mdomo aliitafsiri kauli ile kwa lugha ya hakimu, neno kwa neno. "Mimi ni mtu mzima," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akahisi sakafu chini ya viatu vyake.

Hapakuwa na pengine pa kwenda baada ya hapo. Hakimu akaweka juu ya wigi lake kitambaa cheusi, kile kinachovaliwa kwa hukumu ya kifo tu, akasoma. Mdomo akasema, "Ninakuhukumu unyongwe mpaka ufe."

Mfyatua matofali hakuinua macho kumtazama hakimu. Alimtazama Mdomo, aliyekuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Hilo nimelisikia, ndugu yangu," alisema. "Na wewe unasemaje?"

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

Mkalimani hafichi neno. Mdomo akageuka, akatafsiri: "Na wewe unasemaje?"

Hakimu akakunja uso. "Mimi? Mwambie nimekwisha kusema."

"Mimi nimekwisha kusema," Mdomo akamwambia mfyatua matofali.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho kati yao. Kijana aliyachukua kama jibu, akashuka kizimbani akiamini kwamba ameuliza, na kwamba amejibiwa.

Baada ya siku ile lile swali lilihamia nyumbani kwa Mdomo. Halikuja kama sauti ya marehemu. Lingekuja hivyo angekuwa na nafuu, angetafuta watu wa kumwombea. Lilikuja ndani ya mambo ya kawaida. Asubuhi akinyoa ndevu, wembe ukifika chini ya kidevu, alilisikia. Maji yakimiminwa ndooni, mwishoni kabisa, pale yanapobaki matone, alilisikia. Mkewe akiendesha cherehani chumbani, mlio ule ulikuwa kinga yake. Ukikatika tu, swali lilikuwa pale linamsubiri. Akazoea kukaa karibu na cherehani. Mkewe akadhani ni mapenzi yameanza upya, akafurahi, mpaka alipomtazama usoni.

Siku moja mezani, binti alimwaga uji. Alikuwa na miaka sita hivi. Mdomo akaweka kijiko chini.

"Simama," alisema. "Una lolote la kusema kabla sijatoa hukumu?"

Labda alitaka iwe mzaha. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya polepole, baridi, inashuka toka juu. Mtoto alisimama, mikono ameibana ubavuni, na macho yake hayakumtambua baba.

Mkewe alitoka chumbani na mkasi mkononi. "Nani huyo anaongea na mwanangu?"

"Mimi."

"Wewe nakujua. Nimeuliza huyo."

Mdomo alimnyanyua mtoto, akambeba hadi uani, akakaa naye juani. Hapo ndipo, kama alivyokuja kuwasimulia watu baadaye, alipokumbuka kizingiti cha jiko na viazi, na akajua baba alikuwa na maana gani. Kule kwa afisa kulikuwa na sauti mbili, ile ya juu na ile nyembamba ya chini, na zote mbili alizileta mgeni. Ya chini ilimkaa baba yake. Ya juu ilimkaa yeye.

Hakuacha kazi siku hiyo, maana nyumbani lazima watu wale. Aliacha mwaka uliofuata, kwa namna ambayo hakuipanga. Daktari yule yule aliletwa katika kesi nyingine, ya mama mmoja aliyedai fidia baada ya watoto wake wawili kufa kwenye moto. Daktari alieleza kwamba hawa watu hulia kwa sauti kubwa msibani ila ndani hawaumii kama sisi, kwa hiyo fidia isiwe kubwa. Mahakama ikamgeukia mkalimani. Mkalimani akanyamaza.

"Tafsiri," hakimu akasema.

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Hujui neno lake?"

"Neno nalijua. Lakini yule mama ananisikiliza, na lugha ni yake. Nikilisema, nitakuwa nimelisema mimi."

Hakimu alimwambia mara mbili, kwa upole, kisha bila upole. Karani mkuu alimkonyeza mpaka jicho likachoka. Mwishowe alihukumiwa miezi mitatu kwa kudharau mahakama, na hukumu hiyo haikuhitaji mkalimani.

Gerezani wafungwa walimtambua mara moja. Nusu yao waliingia humo kwa sauti yake. Mdomo alitarajia kipigo, akapiga moyo konde. Hawakumgusa. Walimpisha kwenye foleni ya maji, wakamwachia nafasi pana kwenye mkeka, na hakuna aliyemsemesha. Siku zikapita hivyo, yeye na swali lake wakiponda kokoto kwenye ua wa gereza.

Aliyevunja ukimya ni kinyozi mmoja aliyefungwa kwa kupiga kelele kwenye mkutano wa kudai uhuru. Mchana mmoja wa mapumziko, askari wakiwa kivulini mbali, alimjia na akina fulani watatu wanne nyuma yake.

"Mdomo, tunataka kucheka. Tufanyie mahakama."

"Niache, ndugu."

"Umetufunga bure, hutaki hata kutuchekesha? Tufanyie yule babu na wigi lake."

Wakapindua ndoo, wakamkalisha juu yake. Mmoja akavua shati, akamwekea kichwani. Mdomo akaona hana namna. Akaanza kwa shingo, jinsi hakimu alivyoivuta nje ya kola. Akapiga chafya ile ya hakimu. Wafungwa wakafa kwa kicheko. Wengine wakaacha nyundo, wakasogea. Akamshitaki kinyozi kwa kumnyoa mbuzi wa serikali bila kibali. Ua mzima ukawa unalia machozi. Ndipo, ili amalizie vizuri, akaishusha ile sauti yenyewe na kusema, bila kelele, "Simameni."

Wakasimama, wote, hata kinyozi. Watu wazima waliokuwa wamelala chali kwa kicheko walikuwa wima, visigino vimegusana, macho chini. Kicheko kilikuwa bado kwenye midomo yao lakini miguu ilikuwa imekwisha kutii. Kule kivulini askari mmoja naye alikuwa amesimama.

Hakuna aliyejua afanye nini. Kinyozi ndiye aliyekaa wa kwanza, polepole, kama mtu anayekalia kitu kinachoweza kumwuma.

"Vua hilo shati," alimwambia Mdomo. "Vua, tafadhali."

Jioni ile kinyozi alimwuliza, "Tumefanywa nini sisi?" Wakazungumza mpaka walipofungiwa, na kesho yake wakaendelea, na wengine wakaja kusikiliza. Hivyo ndivyo Mdomo alivyopata kazi yake ya pili, isiyokuwa na mshahara.

Alipotoka hakuna aliyethubutu kumwajiri. Mkewe akamfundisha kutoboa matundu ya vifungo na kupiga pasi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka: cherehani dirishani, meza ya kukatia, kioo chenye ufa, na benchi la wateja. Watu walikuja na suruali zao, wakakaa kuliko ilivyohitajika. Mchukuzi wa sokoni, mwalimu wa shule ya msingi, wauza samaki wawili, kinyozi alipoachiwa. Mdomo akipiga pasi aliwaambia aliyoyafikiri, na alifikiri kwa sauti, hatua kwa hatua, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Ngozi tulikuwa nayo kabla mgeni hajaja," alisema. "Yeye alileta maana yake. Akasema hii ni juu, hii ni chini, hii ni mtu, hii ni nusu. Sasa, neno likisemwa kwa lugha ya mbali unaweza kulicheka. Mimi niliwaona watu wakicheka. Lakini maana ile ilihitaji miguu ya kutembelea mpaka kwenye nyumba zetu. Miguu ndiyo sisi. Mimi niliibeba nikaitamka kwa lugha ya mama yangu, na lafudhi safi kabisa."

"Kwa hiyo unatulaumu sisi?" mchukuzi akauliza.

"Najilaumu mimi. Wewe nakuuliza tu: mtoto wako akizaliwa, ndugu wanatazama nini kwanza, masikio? Si wanatazama masikio wajue atakuwa mweusi kiasi gani? Nani amewatuma?"

Mchukuzi akasema mama mkwe wake ndiye aliyetazama, na watu wakacheka, lakini si sana.

Serikali ikatuma kachero. Alikuja na suruali ya kupunguzwa, akakaa benchini kusikiliza. Wiki iliyofuata akaleta suruali ile ile ipunguzwe tena, na tena. Mke wa Mdomo akaishika mbele ya dirisha. "Shemeji," alisema, "ukija mara nyingine hii itakuwa kaptula. Kaa tu usikilize, suruali iache nyumbani." Kachero aliona haya, lakini aliendelea kuja, na inasemekana taarifa zake zilizidi kuwa fupi.

Walioleta shida zaidi ni vijana wa chama cha kudai uhuru. Walitaka aseme kwamba mweusi ndiye aliye juu na mgeni ndiye nusu mtu. Mdomo alikataa. "Hicho ni kizimba kile kile," aliwaambia. "Mnataka tu kubadilishana nafasi. Mimi nimesimama katikati yake, najua pande zote mbili zinanuka."

"Mzee, unawatetea wakoloni."

"Watoke kesho asubuhi, mizigo nitawabebea mimi. Lakini wakitoka, ile sauti itoke nao. Tusije tukaibakiza."

Vijana waliondoka na hasira zao, na baadhi hawakurudi. Akiwa na watu aliongea vizuri. Wakishaondoka, chumba kikitulia na pasi ikipoa, lile swali la kizimbani lilirudi kukaa benchini mahali pao. Binti, aliyekuwa sasa mkubwa, alimkuta mara nyingi amesimama akitazama benchi tupu. "Baba, unamsikiliza nani?" "Namsikiliza mteja," alijibu.

Uhuru ukaja. Watu walicheza barabarani hadi viatu vikaisha. Wigi la hakimu lilirudi kwao na hakimu, na kiti chake akapewa mpwa wa Mdomo, mtoto wa dada yake, kijana aliyesomea sheria ng'ambo. Mwezi haukwisha akamwita mjomba wake ofisini.

Chumba kilikuwa kile kile. Saa ile ile ukutani, zulia lile lile lenye doa la wino. Mpwa aliinuka, akamshika mjomba mikono yote miwili, akamkalisha.

"Mjomba, uliteswa kwa ajili yetu. Sasa rudi. Uwe mkuu wa wakalimani wote. Kuna nyumba, kuna mshahara. Mama atafurahi."

"Wakalimani wa nini? Wewe si unajua lugha yetu?"

"Sheria imeandikwa kwa ile nyingine." Mpwa akaelekeza kidevu dirishani, ambako watu walikuwa wamekaa chini uani wakisubiri kesi. "Na hawa watu hawaelewi mambo haya. Wanahitaji mtu wa kuwanyoosha."

Mdomo alikitazama kidevu kile. Alijua shingo ile, jinsi ilivyovutwa nje ya kola.

"Watu gani?"

"Hawa."

"Mama yako alikuwa amekaa hapo hapo uani, siku nilipohukumiwa. Alikaa chini hivyo hivyo. Naye ni 'hawa'?"

Mpwa aliguswa. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na roho mbaya. Alivua miwani, akaiweka mezani. "Mjomba, vitabu vyote vimo katika lugha ile. Hukumu zote za nyuma. Nikianza kesho kwa lugha yetu, sina neno la 'dhamana', sina neno la 'rufaa' ambalo hao watu hawataliogopa vile vile. Niambie nianzie wapi. Nakuuliza kweli."

Mdomo aliitazama ile miwani mezani. "Sijui," akasema. "Lakini mimi siwezi kusimama tena kwenye ule ubao."

Waliagana vizuri. Alipofika barabarani miguu yake haikugeukia nyumbani. Ilimpeleka nje ya mji, kwenye tanuri la matofali, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo alipazunguka kwa mbali.

Tanuri lilikuwa na mwenyewe mpya, mtu wa hapa hapa. Mjane wa mfyatua matofali alikuwa bado pale, amechuchumaa anajaza udongo kwenye kibao, anausawazisha kwa kiganja. Alimtambua kabla hajasalimia.

"Nilikuwa nimekaa benchi la pili," alisema bila kusimama. "Nimekuchukia mpaka nikachoka. Yule mwenye wigi hata sura yake siikumbuki. Yako nikiambiwa nichore, nachora."

Mdomo akakaa chini kwenye udongo, na koti lake. Akamweleza kuhusu swali la mwisho, na jinsi lilivyopotea kati ya "mimi" wawili. Akamweleza kwamba huko mjini anamsimulia mume wake, mtu aliyekataa kuokolewa kama nusu mtu, na kwamba watu wakisikia hukaa wima.

Mjane alipindua kibao, tofali likatoka zima. "Nasikia unamhadithia. Umemfanya shujaa. Haya. Lakini mimi nilitaka aseme hakumbuki. Akubali kuwa mtoto, akubali kuwa mbuzi, chochote walichotaka, halafu arudi nyumbani. Ningeishi naye. Hilo huwaambii, kwa sababu hujawahi kuniuliza."

Kila alichofikiri Mdomo kwa miaka yote kilikuwa kimejengwa juu ya maneno manne ya kijana yule, na hapa palikuwa na mtu aliyelipa bei yake bila kuulizwa.

"Niache kumtaja?"

"Mtaje. Na mimi unitaje." Akainua kichwa. "Na hilo swali lake, ulikuwa na jibu?"

"Sikuwa nalo."

"Sasa?"

"Ningemwambia hapana. Hapana tu. Wasimnyonge."

"Umechelewa," mjane alisema, akachota udongo mwingine.

Tangu siku ile Mdomo aliposimulia kesi alisimulia na hayo, na simulizi haikuwa tamu tena. Baadhi ya watu waliona amezeeka, anajichanganya, wakaacha kuja. Mwalimu alikasirika kabisa, akasema mtu hawezi kujenga taifa kwa hadithi inayojipinga. Waliobaki walibaki. Swali halikumwacha, alikiri mwenyewe kwa mkewe kwamba linakuja bado, ila siku hizi likija halimkuti amelala usingizi wa mtu asiyekuwepo.

Karibu na msimu wa mvua, mjane aliingia dukani asubuhi akiwa na kitambaa cha rangi ya machungwa chini ya kwapa. Mdomo aliacha pasi. Mkewe, ambaye hakuwahi kumwona, alijua papo hapo.

"Karibu, dada. Nikushonee nini?"

"Gauni. La kuvaa tu, si la msiba." Alimtupia Mdomo jicho. "Unipime wewe, si yeye."

"Yeye hapimi mtu, hajui hata kipimo cha kiuno chake mwenyewe," mke wa Mdomo alisema. "Simama hapa penye mwanga."

Mjane akasimama mbele ya kioo chenye ufa, akanyoosha mikono yake yenye udongo kwenye mistari ya viganja. Wanawake wale wakaanza kuzungumza juu ya mikono mirefu au mifupi, na mvua itakayoharibu matofali mabichi. Mdomo alikaa mwisho wa benchi, akatunga uzi kwenye sindano, akasikiliza.